Kabla ya kuupandisha wimbo, umemtafuta mwenyewe?

Ng'ambo Kaseti (mwanzisha mada):

Assalamu alaykum wanajamvi. Naleta mada, na nianze kwa kukiri kosa langu.

Ami yangu alipofariki tuliachiwa boksi la viatu limejaa kaseti. Alikuwa akikaa Michenzani, na ujana wake wote ulipita mbele ya redio kaseti. Humo mna Jim Reeves, mna Skeeter Davis, mna Otis Redding aliyenakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, mpaka anasikika kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Katikati yao imo moja ambayo karatasi yake imeandikwa kwa bik "bendi, upande A", basi. Mwanamke anaimba Kiswahili juu ya gita na kinanda. Soul tupu, ule muziki wa Wamarekani weusi, lakini maneno anayakokota kama mtu aliyelelewa na taarab.

Nilishikwa. Utepe ulikuwa umeota ukungu mweupe ukingoni, na kile kisponji kinachoubania kimeng'oka. Nikauhamishia kwenye ganda la kaseti nyengine, nikauzungusha kwa penseli taratibu, nikaurekodi kwenye kompyuta. Usiku ule ule nikaupandisha YouTube kwa kichwa cha habari "Malkia wa soul aliyesahaulika Zanzibar". Pongezi zikamiminika.

Siku ya kumi na moja ukaja ujumbe: "Huyo ni mama yangu. Hajasahauliwa na mtu. Yupo nyumbani, sasa hivi anapika. Mbona hukuuliza?"

Nikaufuta. Sasa nauliza: ukikuta rekodi ya msanii wa zamani ambaye jina lake halivumi, uitoe hadharani kwanza ndipo mwenyewe ajitokeze, au umtafute kwanza? Mie nimeshageuka: mtu kwanza, wimbo baadaye.

Mwangalieni Rodriguez, mwimbaji wa Detroit, Marekani. Albamu zake mbili, ya 1970 na ya 1971, Marekani hazikununuliwa. Afrika Kusini zikapendwa mpaka watu wakahadithiana kuwa kajiua jukwaani. Kumbe mwenyewe yu hai, anavunja na kukarabati majumba ya watu, na kwa mauzo ya huko hakuwa akipata kitu. Filamu juu yake ikatoka 2012, mwaka uliofuata ikabeba Oscar. Au Arthur Alexander, mwimbaji wa soul wa Marekani: nyimbo zake ziliimbwa na Beatles, zikaimbwa na Rolling Stones, yeye akaishia kuendesha basi Cleveland. Albamu yake ya kurudi ilitoka 1993, na Juni ya mwaka huo huo akafariki. Miaka yote ile wimbo ulikuwa unatembea duniani na aliyeutunga kakaa kwenye usukani. Hapo tatizo halikuwa kusahauliwa kwa wimbo.

Karibuni. Matusi sitaki.

Fundi wa Darajani:

Kaka, maneno yako mazuri lakini utepe hauna subira. Mie natengeneza deki huu mwaka wa ishirini na kitu. Kwa huu upepo wetu wa bahari, kaseti iliyokaa kabatini hujishika kwa ukungu, ukiiweka tu inatafunwa. Naletewa kaseti nikifungua ganda unga unamwagika kama hamira. Wewe ngoja umtafute mwenye wimbo, kisha watoto wake wagombane nani asaini. Ukirudi kwenye kaseti, hamna kitu.

Na hao wa Marekani mbona umechagua wa upande wako? Bettye LaVette, mwimbaji wa soul, alirekodi albamu nzima Muscle Shoals, mji wa studio huko Alabama, mwaka 1972, kampuni ikaifungia. Ikaja kutoka 2000 baada ya Mfaransa mmoja mkusanya santuri kuifukua. Baada ya hapo mama yule akasimama upya, Januari 2009 akaimba kwenye tamasha la kuapishwa Obama. Angengojwa mwenye ufunguo wa kabati?

Ng'ambo Kaseti:

Fundi, kuhamisha utepe usife sijakataza, huko ni kuokoa. Kuupandisha YouTube ni jambo jengine. Mie niliyafanya yote mawili kwa usiku mmoja, na lile la pili nililifanya kwa ajili ya sifa zangu.

Binti Kikwajuni:

Mimi neno linaloniudhi ni hilo "aliyesahaulika". Kasahauliwa na nani? Hiyo filamu ya Rodriguez uliyoitaja haikusema kwamba Australia alikwenda kufanya maonyesho 1979 na tena 1981. Waaustralia hawakumsahau, ila hadithi isingenoga.

Na hapa kwetu ni yale yale. Bi Kidude albamu yake mwenyewe ya kwanza ilitoka nje 1998, tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, akapewa 2005. Ukisoma waliyoandika wageni utadhani walimkuta pangoni. Mama yangu amechezwa unyago na Bi Kidude! Harusi ngapi mjini hapa alipiga ngoma akiwa kajifunga kibwebwe? Hatukuwa tunamgundua, tulikuwa tunamwita.

Nakubali kwamba wapo waliosahaulishwa kweli. Linda Martell, mwanamke mweusi wa mwanzo kusimama peke yake jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho mashuhuri la muziki wa country Marekani, mwaka 1969. Akatoa albamu moja ya country, 1970, mlango ukafungwa. Vijana wengi wamelisikia jina lake 2024 kwa sababu Beyoncé aliiweka sauti ya mama huyu kwenye albamu yake. Huyo alifungiwa mlango, tofauti na yule ambaye sisi hatukwenda kumuuliza.

Maalim Mstaafu:

Watoto wangu, turudi nyuma kidogo. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi. Santuri zile za kale zikidondoka zinavunjika kama sahani, na zilizobaki nzima ni chache. Lakini nyimbo zake zipo, kwa sababu watu waliziimba bila ya kumuomba mtu ruhusa. Ingekuwa kila mwimbaji asubiri idhini, leo tungekuwa na jina tu.

Hata hivyo, zama zile si hizi. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tangu 2003. Kaandikishe.

Ng'ambo Kaseti:

Shikamoo Maalim. Naikubali hoja ya Siti, ila aliyeuimba wimbo wake harusini aliuimba kwa koo lake. Mie nimeichukua sauti ya mtu yenyewe, pumzi zake, hata pale anapokohoa kabla ya ubeti wa pili. Kuhusu kuandikisha, kaseti imeandikwa "bendi, upande A". Ningemuandikisha nani?

Mpemba wa Wete:

Nyote mnabishana pesa na sifa. Hamna hata mmoja aliyeuliza kama mwenyewe anataka.

Huku kwetu namjua mzee aliyekuwa mpiga gita hodari, anacheza nyimbo za kizungu hadi wasichana wanazimia. Amehiji, ameacha. Ukimtajia gita anakwambia "Allah atughufirie" na anabadilisha mazungumzo. Wajukuu hawajui kama aliwahi kulishika. Sasa aje kijana na kompyuta ampandishe mtandaoni, "gwiji aliyesahaulika wa Pemba". Umemuenzi au umemfedhehi? Mmarekani wako wa Detroit alifurahi kutafutwa. Si kila mtu anafurahi.

Fundi wa Darajani:

Hili la Mpemba limenikaa. Lakini basi, wimbo ni wa mwimbaji peke yake? Sanaa ya mji ni ya mji pia.

Mpemba wa Wete:

Ya mji, ndiyo. Ila anayenyooshewa kidole ni yeye akienda sala ya alfajiri, mji haunyooshewi.

Binti Kikwajuni:

Mwanzisha mada, hukutwambia la muhimu. Huyo mama kasemaje?

Ng'ambo Kaseti:

Nilikwenda Jumamosi, baada ya alasiri. Binti yake alinipokea kwa uso mkavu, haki yake. Mama mwenyewe kanikaribisha vizuri, katia chai ya mdalasini, kanipa na mkate wa kumimina. Nikamuwekea wimbo kwenye simu. Kausikiliza mpaka mwisho, hakusema, vidole tu vinagonga goti. Kisha akauliza habari za mpiga kinanda, kama nimemsikia yuko wapi. Sikujua. Nikamuomba radhi, nikamkabidhi kaseti yake na flashi yenye nakala. Kuhusu kuurudisha mtandaoni kasema atafikiri, nisimharakishe.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akaniuliza: "Na upande B umeusikiliza? Ule ndio tulioutunga wenyewe."

Sikuwahi kuigeuza kaseti. Siku kumi na moja nilikuwa nasoma pongezi.

Fundi wa Darajani:

Akitaka kuusikia, mwambie deki ipo, namletea mpaka nyumbani. Bure.