Kajaza gesi ya friji, nikamshonea mkewe gauni: nani anamdai nani?

Cherehani Rangi Tatu:
Wadau, habari za jioni. Nashona nguo hapa Mbagala Rangi Tatu, na pembeni nauza barafu. Friji ikaacha kugandisha. Jirani yangu fundi friji akaniambia hela yako kaa nayo, mke wangu ana kicheni pati, mshonee. Kitenge akaleta mwenyewe. Bitana, zipu na gamu nikanunua mimi. Mshono wa samaki, mikono ya puto, tena mama ana kiuno ambacho ukikosea mkato kidogo tu umeua kitenge cha watu. Nimekesha nao. Yeye kaziba palipovuja, kajaza gesi, chai haijapoa kashamaliza.

Juzi kaja na vitambaa vya kaptula za shule za wanawe, eti bado ananidai, gesi imepanda. Nyie mnaobadilishana kazi kwa kazi mnapima kwa muda au kwa bei ya mtaani? Kugombana naye sitaki, friji yenyewe kuukuu.

Mama Vitumbua:
Pole shoga. Mimi boda ananipelekea mtoto shule, asubuhi anakunywa chai na vitumbua kwangu. Daftari lipo bandani, kila kitu kinaandikwa kwa shilingi, Jumamosi tunajumlisha, aliyepungukiwa anaongeza. Wewe kilichokuponza ni bitana. Vifaa kila mtu alipwe hela yake, mnabadilishana ufundi tu.

Babu Tandika:
Sawa, lakini na gesi ni kifaa, naye hapewi bure dukani. Msimwonee fundi wa watu. Ila bei ni ya siku aliyojaza, hiyo ya kupanda leo haimhusu binti. Na muda si kipimo, la sivyo fundi mzembe ndiye angelipwa zaidi.

Wakili Mtarajiwa:
Sheria ya Mikataba, Sura 345, hailazimishi malipo yawe fedha, na makubaliano ya mdomo yanatambuliwa. Kwa hiyo mlichokubaliana kina nguvu. Tatizo ni ushahidi: ilisemwa gauni tu, au gauni na kaptula?

Cherehani Rangi Tatu:
Wakili, ilisemwa gauni, na mkewe alikuwepo, ndiye aliyekuwa anapimwa.

Nimepiga hesabu anavyosema Babu. Mshono ule mteja wa kawaida namtoza 35,000, vifaa vilinila 12,000, jumla 47,000. Nimeuliza fundi mwingine wa huku, kuziba na kujaza gesi wakati ule ilikuwa 50,000. Basi ananidai 3,000, si kaptula tatu! Ufundi wa kaptula moja ni 5,000. Namshonea moja, ananirudishia 2,000, hizo nyingine mbili alipe taslimu.

Mama Vitumbua:
Hiyo 2,000 ichukue kabla hujakata kitambaa.