Mrejesho: rangi haibanduki tena

Wakuu, niliuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye vijisanamu vyangu vya askari wa plastiki. Mkasema nivioshe kwa maji ya sabuni, nivipulizie praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha rangi niizimue na kupaka tabaka mbili nyembamba. Sasa hata nikikwaruza kwa kucha, haitoki. Kaki ndiyo iliyonitesa. Niliishia kuchanganya njano, kahawia na nyeupe kidogo.

Jumamosi tulivitumia kucheza mezani vita vya Tanga, Novemba 1914: jeshi la Waingereza, wengi wao Wahindi, kama 8,000, upande wa Wajerumani kama 1,000. Nyuki, maana waliwashambulia askari kwenye vita vile, tuliwapa dadu yao: ikitoka sita, kikosi kinatimua mbio. Mshikaji aliyeshika Waingereza kakimbizwa mara tatu! Tatizo lililobaki ni nyasi bandia za meza ya mchezo, gundi inaacha madoa meupe.