Mbawakawa mwenye mbio hukanyagwaje na gari?

Mkaazi wa Kisauni: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nimesoma habari za mbawakawa mwindaji wa fukwe za mashariki mwa Marekani, Habroscelimorpha dorsalis dorsalis, mdudu mweupe asiyezidi sentimita moja na nusu, ambaye tangu mwaka 1990 analindwa kisheria huko kwa kuwa amepungua mno. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni magari yanayoendeshwa ufuoni, na hapo ndipo ninapokwama, kwani mdudu huyu ana mbio na huruka mara tu anapokaribiwa.

Mwalimu, Likoni: Waalaykum salaam, ndugu. Anayeumia zaidi ni buu. Buu huchimba kishimo cha wima katika mchanga ule ambao maji hujaa na kupwa juu yake, akaishi humo takribani miaka miwili, kichwa kimeziba mlango na kulabu za mgongoni zimeshika ukuta wa kishimo ili windo lenye nguvu lisimng'oe. Kikipita kidudu karibu, huchomoka, hukinasa na kukiburura chini. Gari likipita, mchanga hushindiliwa na kishimo hubomoka, naye hana mbio wala mbawa. Zamani walienea kutoka Massachusetts hadi Virginia. Sasa wengi wamesalia Ghuba ya Chesapeake.

Mvuvi wa Bamburi: Kuta nazo zisisahaulike. Wimbi likigonga ukuta wa mawe hurudi na mchanga, na ufuo huzidi kuwa mwembamba. Kwetu kuna jumba lililojengewa ukuta wa namna hiyo, na siku za bamvua maji yakijaa hatuna pa kupitisha hata nyavu, sembuse mdudu apate pa kuchimba. Namwelewa mwenye nyumba anayeogopa bahari, lakini hasara humfikia jirani.

Mkaazi wa Kisauni: Ahsanteni. Je, haitoshi kuzuia magari miezi ya joto tu, wakati wakubwa wanapoonekana?

Mwalimu, Likoni: Haitoshi, kwa sababu buu yumo mchangani mwaka mzima. Afadhali kutenga mahali. Huko Utah, jamaa yake Cicindela albissima, ambaye haishi popote duniani ila kwenye vilima vya mchanga vya Coral Pink, alitengewa sehemu isiyoingiwa na magari kwa makubaliano ya mwaka 1997, huku waendeshaji wakiachiwa sehemu kubwa iliyobaki. Mimi naona huo ni mpango wa haki, ijapokuwa kiumbe mwenye makao mamoja tu bado anaweza kuangamizwa na ukame wa miaka michache.