Edward Enninful alifikaje kwenye kiti cha Vogue ya Uingereza?

MamaVitenge: Wakuu, habari zenu. Binti yangu yuko kidato cha nne, ameniambia anataka kuwa mhariri wa jarida la mitindo kama Edward Enninful, yule aliyekuwa mhariri mkuu wa jarida la Vogue ya Uingereza. Mimi ni fundi cherehani, ya majarida siyajui. Huyu bwana alianzia wapi? Na kazi yake hasa ilikuwa kuandika au kuvalisha watu?

PasiMoto: Dada, mama yake Enninful naye alikuwa fundi cherehani. Mtoto alizaliwa Ghana mwaka 1972, akakua akimsaidia mama kazi, kisha familia ikahamia London. Ana miaka 16, stailisti Simon Foxton akamwona kwenye treni, akaanza kupigwa picha za mitindo. Kufika miaka 18 alikuwa mkurugenzi wa mitindo wa jarida la i-D.

Kuandika ni sehemu ndogo. Stailisti anachagua nguo na namna ya kuivaa. Mhariri mkuu anaamua nani akae jaladani, na nguvu yote iko hapo. Julai 2008, akiwa bado stailisti, alishiriki toleo la Vogue ya Italia lenye wanamitindo weusi. Nakala ziliisha, likachapwa tena! Vogue ya Uingereza ilianza 1916, lakini hadi anashika usukani 2017 haikuwahi kuwa na mhariri mkuu mweusi.

Mwalimu_Turkana: Niliwahi kufundisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa hiyo jalada lake la Vogue ya Uingereza la Mei 2018 lilinigusa sana. Kati ya wanamitindo tisa walikuwepo Halima Aden na Adut Akech, na wote wawili waliishi Kakuma utotoni. Halima alivaa hijabu yake, mara ya kwanza kwenye jalada la jarida hilo. Mwishoni mwa 2020 aliacha kazi ya uanamitindo kwa sababu ya imani yake, na uamuzi huo nauheshimu vilevile. Mama, mwonyeshe binti pia majalada ya Julai 2020, wakati wa korona: dereva wa treni, mkunga na mfanyakazi wa supamaketi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

MamaVitenge: Asanteni sana, Mwalimu na PasiMoto. Jumamosi namkabidhi ile sanamu ya mlangoni, avalishe anavyotaka, na picha apige mwenyewe.