Uzamili wa filamu: nifuate nadharia au utengenezaji?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya fasihi, na kwa miaka minne nimekuwa nikihariri video za mafunzo. Sasa natafuta nafasi ya uzamili wa filamu na vyombo vya habari, lakini programu nyingine zinadai pendekezo la utafiti pamoja na sampuli ya maandishi ya kitaaluma, ilhali nyingine zinadai filamu fupi na mswada. Ninachotaka hasa ni kufahamu kwa nini mkato mmoja, yaani kuhama kutoka picha moja kwenda nyingine, humgusa mtazamaji na mwingine hupita bila yeye kuutambua. Swali la namna hii lipelekwe wapi? Na je, mtu ambaye hajawahi kusoma nadharia ya filamu anaweza kukubaliwa?

Jibu la 1

Ndugu yangu, swali lako ni la nadharia, na uzoefu wako wa kuhariri ni mtaji mkubwa huko. Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu aliyefundisha katika shule ya filamu iliyoanzishwa Moscow mwaka 1919, aliuunganisha uso uleule wa mwigizaji mara na bakuli la supu, mara na jeneza, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso ule, kisha wakaona huzuni, ingawa uso haukubadilika hata kidogo. Wasomi wanalijadili jambo hilo hadi leo, na wewe unalifanya kila siku kwa mikono yako.

Ugumu utaupata kwenye pendekezo. Langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu niliandika kwamba nitachunguza nafasi ya wanawake katika filamu, na msimamizi akaniuliza: filamu zipi, za miaka ipi, na utatazama nini ndani yake? Nilirudi nyumbani nikachukua onyesho moja la dakika tatu, nikazima sauti, nikaorodhesha kila shoti, yaani kila kipande cha picha kati ya mkato na mkato: imedumu sekunde ngapi, kamera iko wapi, nani yumo ndani ya fremu. Zilikuwa shoti 41. Mama ndiye aliyezungumza zaidi katika onyesho lile, lakini karibu kila alipofungua kinywa kamera ilikuwa kwa mumewe, naye mama akasikika tu kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nyingi bila kuliona hilo, na tasnifu yangu yote ilitokana na orodha ile.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu orodha ya shoti, ila naomba nitahadharishe jambo moja. Muulizaji anasema "humgusa mtazamaji", na mtazamaji hayumo ndani ya fremu. Stuart Hall, msomi wa utamaduni na vyombo vya habari, alieleza mwaka 1973 kwamba hadhira haipokei ujumbe wa televisheni kama ulivyofungashwa: wapo wanaoukubali, wapo wanaoukubali kwa masharti yao, na wapo wanaoupinga moja kwa moja. Ikiwa unataka kudai kwamba watu wanaguswa, itakubidi ukae na watu hao, uwahoji, tena baada ya kupata kibali cha maadili ya utafiti, ambacho huweza kula muda mrefu. Amua mapema kama unachunguza filamu yenyewe au wanaoitazama, kwa sababu mbinu zake ni tofauti kabisa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Sikuwa nimeitenganisha filamu na mtazamaji wake. Nadhani nitaanza na filamu. Je, sampuli ya maandishi inaweza kuwa insha yangu ya fasihi?

Jibu la 1

Inaweza, mradi maelekezo ya programu hayakatazi. Chagua ile uliyosoma kifungu kifupi neno kwa neno, uiache ile inayosimulia riwaya nzima, kwa maana wanaosoma maombi wanatafuta jicho lako. Kabla ya kutuma, soma machapisho ya wahadhiri wa idara hiyo uone kama yupo anayeandika kuhusu uhariri. Asipokuwepo, hata pendekezo zuri linaweza kukosa wa kulisimamia.