Mugongo ulishaumiaka, namna gani kurudilia kunyanyua bare (chuma kirefu chenye uzito pande mbili) kutoka chini?

Kijana wa Katindo: Salamu bakubwa. Niko hapa Goma, mugongo wangu uliumiaka mara mbili, ya kwanza kushusha simenti ku lori, ya pili mu sale ya mazoezi tukifanya suleve de tere (ile ya kunyanyua bare kutoka chini mpaka usimame), kine (mutu wa kutibu kwa mazoezi) alisema ni disiki ya chini ya mugongo lakini sasa nimepona, hata chukudu (kigari chetu cha mbao cha mizigo) nasukuma, na kine mwenyewe ameniruhusu kurudilia polepole. Shida ni moja, nikiinama kushika bare kiuno kinajikunja mbele hata bare haijatoka chini, na nikishusha matako sana magoti inasukuma bare mbele. Vyuma vyetu ni vya fundi, uzito ni betoni na gia za lori. Munisaidie, hii zoezi naipenda sana sitaki kuiacha.

Yaya Himbi: Dogo pima kwanza bare iko juu kiasi gani. Disiki kubwa za uzito za mashindano ziko na kipenyo cha sentimeta 45, kwa hiyo bare inakaa 22 na nusu juu ya sakafu. Hizi zetu za betoni ni ndogo, bare inashuka karibu na vifundo, na mtu wa mapaja marefu hafiki kule bila kukunja kiuno hata afundishwe na nani. Tia mbao nene ao mawe ya volkano yenye bapa chini ya uzito, pande zote mbili sawa, na uhakikishe haiyumbi!! Anzia hata katikati ya muundi, utashusha kidogo kidogo.

Kine wa Bukavu: Yaya amesema kweli. Naongeza: chukua muti wa ufagio uupange mugongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya matako. Inama kwa kusukuma matako nyuma, magoti inakunjika kidogo tu. Muti ukiachana na sehemu moja ujue umejikunja, usiongeze kilo. Ukifika ku bare, iwe juu ya katikati ya muguu, karibu kugusa muundi, jaza pumzi mu tumbo mpaka mbavu za pembeni, kaza, vuta bare kwa mwili, kisha sukuma chini na miguu. Na ukisikia maumivu inashuka ku muguu acha zoezi, rudi kwa kine wako. Ganzi katikati ya mapaja, muguu kulegea ao mukojo kukushinda, hapo ni hospitali siku ile ile, usingojee kesho.

Kijana wa Katindo: Aksanti sana mama, aksanti yaya. Nimepima, ni sentimeta 17 tu! Nimetia mbao, bare tupu inapanda mugongo umenyooka. Lakini kushusha njo inanisumbua.

Yaya Himbi: Kushusha ni njia ile ile kinyume, matako yarudi nyuma kwanza, bare ipite magoti, hapo tu ndiyo ukunje magoti. Na fundi akiweza akuchomelee bare ya pembe sita, ile unasimama ndani yake, uzito hauko mbele yako tena na kiuno kinabeba kidogo.