Maktaba nyepesi ya kuhamishia mafaili kutoka kwenye ESP32

Swali (Tanga)
Habari zenu, wakuu. Ninatengeneza kifaa cha kupimia joto la chumba cha baridi cha samaki hapa Tanga, kinachotumia ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) yenye RAM ya KB 520, nacho kinapaswa kuandika vipimo kwenye folda ya pamoja iliyomo katika kompyuta ya Windows ya ofisini. Nichague TFTP (itifaki rahisi ya kuhamisha mafaili) au SMB (itifaki ya folda za pamoja za Windows)?

Jibu la 1
TFTP ndiyo nyepesi zaidi, kwa kuwa hutumia UDP (njia ya kutuma data bila kufungua muunganisho kwanza) na kwa kawaida husafirisha vipande vya baiti 512, kila kimoja kikisubiri kuthibitishwa. Lakini haina nenosiri, wala haiwezi kuongeza mstari mwishoni mwa faili lililopo. Kwa rekodi inayokua kila siku, haifai.

Jibu la 2
Naungana na ndugu hapo juu. Anza na libsmb2, maktaba (msimbo ulio tayari kutumiwa) ya SMB iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayotumia matoleo ya SMB2 na SMB3 bila kubeba Samba nzima, programu kubwa ya SMB. Tafadhali usiwashe SMB1, toleo la zamani, kwa ajili ya wepesi, kwani udhaifu wake ndio uliotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwaka 2017. Isome pia leseni ya libsmb2, LGPL 2.1 (leseni ya programu huria), kabla ya kuuza kifaa, maana mnunuzi ana haki ya kuibadilisha maktaba hiyo na kuiunganisha upya.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika?

Jibu la 2
Hifadhi kwanza kwenye flashi (kumbukumbu ya kudumu ya kifaa) kwa LittleFS, mfumo wa mafaili ulioundwa kustahimili hali hiyo, kisha utume mtandao ukirejea.